Besiboli ya watoto haichezwi kwa mtindo wa bonanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na tunaomba radhi mapema kwa urefu. Jambo lenyewe lina vipimo vingi, na vipimo havifupishiki.

Besiboli ikitajwa kwenye kurasa za michezo, maelezo huwa yale yale: mchezo wa wageni, vifaa ghali, viwanja hakuna. Vifaa ni ghali kweli, hatubishi. Lakini mashindano ya vijana katika miji midogo hayafi kwa kukosa vifaa. Yanakufa kwa sababu yanapangwa kama bonanza la mpira wa miguu: timu nane, siku moja, uwanja mmoja, na mgeni rasmi anayetaka kukabidhi kombe saa 10 jioni aondoke. Kwenye soka mpango huo unabebeka. Mechi ya dakika 15 kila kipindi nayo ni mechi, na mtoto aliyecheza mara tatu atalala miguu ikimuuma, basi. Kwenye besiboli mpango huo huo unamlazimisha mtoto mmoja, yule mwenye mkono mzuri, awarushie wapigaji mpira tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mkono huo ndio tunaouandikia barua hii.

Kiwiko cha mtoto wa miaka 11 si kiwiko cha mtu mzima kilichopunguzwa ukubwa. Upande wa ndani, pale misuli ya kukunja vidole inapojishikiza, mfupa bado una tabaka la gegedu linalokua, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazolivuta. Kila mpira unaorushwa kwa nguvu unavuta hapo. Mara 40, mwili unastahimili. Mara 150 kwa siku moja, bega likiwa limechoka na mtoto sasa anarusha kwa mkono mtupu badala ya mwili mzima, gegedu linavimba, na akiendelea linaanza kubanduka. Dalili huonekana uwanjani kabla mtoto hajasema neno: kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega, mipira inaanza kupita juu ya kichwa cha mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuipokea), anakung'uta vidole kila baada ya kurusha, anasugua upande wa ndani wa mkono akidhani hakuna anayemwona. Kusema hatasema, maana wenzake wote wanamtegemea. Hapo ndipo huitwa mtu wa kuchua, mtoto anapakwa dawa, anapewa kidonge cha maumivu na kurudishwa kati. Kidonge kinakinyamazisha kiwiko. Hakikitibu.

Dawa ya tatizo hili ni hesabu, na imeshafanywa na wengine. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanzia mji mdogo wa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, zinaweka kikomo cha mirusho kwa siku: mtoto wa miaka 9 na 10 asizidi 75, wa 11 na 12 asizidi 85, wa 13 hadi 16 asizidi 95. Kisha kuna mapumziko ya lazima. Kwa walio na miaka 14 kushuka chini, mirusho 1 hadi 20 haidai siku ya kupumzika. 21 hadi 35 inadai siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. 66 kwenda juu, siku nne. Mtoto wa miaka 12 au chini haruhusiwi kurusha katika mechi mbili za siku moja, hata kama ya kwanza alirusha mara kumi tu. Na aliyefikisha mirusho 41 hawezi kuhamia nafasi ya mdakaji siku hiyo, kwa sababu mdakaji anarudisha kila mpira kwa mrushaji, kwa hiyo naye anarusha mchana kutwa. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi kwenye miji yetu. Nyota anatolewa kwenye kurusha "akapumzike", na mapumziko yenyewe ni kuvalishwa kinyago cha mdakaji.

Wapo watakaosema huo ni udekezaji wa Wamarekani. Basi twende Japani, ambako hakuna anayedekezwa. Besiboli ya Tanzania imelelewa sana na Wajapani: uwanja wa Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ulijengwa kwa msaada wao, na mashindano ya taifa yanaitwa Koshien kufuata jina la mashindano ya shule za sekondari ya kwao. Katika Koshien ya Japani ya kiangazi cha 2018, mrushaji Kosei Yoshida wa shule ya kilimo ya Kanaashi alirusha mara 881 katika mechi sita, na taifa zima likasimama kumtazama. Alifika fainali akiwa hoi, timu yake ikafungwa 13-2. Wajapani wenyewe walibishana kwa muda, na kuanzia mwaka 2020 shirikisho lao la shule za sekondari likaweka kikomo: mrushaji asizidi mirusho 500 ndani ya wiki moja. Hao ni vijana wa miaka 16 hadi 18. Sisi tunazungumzia watoto wa darasa la tano.

Sasa ratiba. Chukua timu nane kwa mtoano wa siku moja: mechi saba. Mechi ya watoto yenye kikomo cha dakika 80, pamoja na kubadilishana na kusawazisha uwanja, inakula saa moja na dakika 40. Mara saba ni karibu saa 12 za mchana, na jua letu halina saa hizo ukishaondoa hotuba. Timu nne zitakuwa zimekodi Hiace kuja kucheza mechi moja na kurudi. Zile mbili za fainali zitakuwa zimecheza mechi tatu. Watoto wa umri huu hutumia kama mirusho 20 kwa zamu, tukiita zamu pale timu zote mbili zinapokuwa zimeshapiga. Siku wanapokosa shabaha, hufika 30. Mechi tatu za zamu nne au tano ni mirusho 240 hadi 300 kwa timu moja, kwa siku moja. Gawanya kwa 85 uone wanatakiwa warushaji wangapi, halafu uliza timu za bonanza huja na wangapi. Mmoja, na mdogo wake.

Mpango unaofanya kazi kwenye uwanja mmoja ni timu sita, siku mbili, mechi tisa. Makundi mawili ya timu tatu tatu. Jumamosi zinachezwa mechi zote sita za makundi, kikomo dakika 80, zamu mpya isianze muda ukishapita: saa 1:00 asubuhi, 2:40, 4:20, 6:00, 7:40 na 9:20. Ukipishanisha makundi, kundi A, kundi B, kundi A, hakuna timu inayocheza mechi mbili mfululizo, na ya mwisho inamalizika kabla ya saa 11. Jumapili ni nusu fainali mbili na fainali, zamu sita kamili. Kwa hiyo hakuna timu inayozidi mechi mbili kwa siku. Mirusho ya timu ya fainali ni takriban 160 Jumamosi na 240 Jumapili. Aliyezidisha 20 Jumamosi, Jumapili harushi, na hakuna anayerusha mechi mbili siku moja, hivyo kocha anahitaji warushaji sita. Kocha mjanja hufanya hivi: Jumamosi anawapa wawili kazi ndefu, mmoja kila mechi, na nafasi zilizobaki anazijaza kwa watoto wanaosimamishwa kwenye 20 kamili. Hao wa 20 wanabaki huru kwa Jumapili. Kanuni inamruhusu mtoto aliyefika 20 katikati ya mpigaji amalize huyo mpigaji bila kuhesabiwa amevuka. Wengi hawaijui na humtoa mtoto mapema, mbadala anaingia mikono baridi na mpira wa kwanza unampata mpigaji ubavuni.

Timu isiyo na warushaji sita isije? Ije. Lakini ijue tangu mwezi mmoja kabla, kwa barua ya mwaliko, ili ifundishe wengine. Kurusha kwa nguvu si sharti. Mtoto anayepitisha mpira juu ya hom (kibao cha chini anaposimama mpigaji), mitatu kati ya mitano, kwa mwendo wa kawaida, anatosha kabisa. Wasichana waliokulia kwenye rede mara nyingi wana shabaha kuliko wavulana waliokulia kwenye chandimu, na walimu wanaowaacha nje wanajipunguzia warushaji bure.

Kuhesabu kunataka watu wawili, mmoja kila timu, wamekaa meza moja nyuma ya wavu. Kila mpira unaorushwa kwa mpigaji ni mrusho mmoja, uwe straiki (uliohesabiwa dhidi ya mpigaji), boli (uliokosa shabaha) au uliopigwa nje ya mstari. Ile minane ya kupasha moto kati ya zamu haihesabiwi. Kila zamu ikiisha wanalinganisha, na zikitofautiana linatatuliwa hapo hapo, si baada ya mechi wakati kila upande una sababu ya kukumbuka vibaya. Kwenye 75 wanamwambia refa, refa anamwambia kocha. Ukisubiri 85 ifike ndipo uanze kupasha moto mbadala, utaongeza mirusho kumi ya kungojana.

Uwanja tuuseme kwa kina, kwa sababu wengi wanaupima kwa hatua. Kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini, kutoka beisi hadi beisi (vituo anavyopitia mkimbiaji) ni mita 18.29, na kutoka hom hadi ubao wa mrushaji ni mita 14.02. Kwa wakubwa wanaocheza uwanja kamili ni mita 27.43 na 18.44. Kosa la kawaida ni kupima pande nne bila kupima mshazari: unapata umbo lililolala kama kiatu kilichokanyagwa, mistari ya nje inajifungua, na mipira iliyostahili kuwa ya nje inaitwa halali mashindano mazima. Njia sahihi inataka tepu ya mita 50 na watu watatu. Weka hom. Kutoka ncha yake ya nyuma, ile kona inayomtazama mdakaji, nyoosha tepu kupitia katikati hadi mita 25.86. Hapo ni katikati ya beisi ya pili, chomeka mambo (kigingi). Sasa mmoja ashike sifuri ya tepu kwenye ncha ya hom, mwingine ashike 36.58 kwenye mambo ya beisi ya pili, wa tatu ashike alama ya 18.29 na kuvuta kulia mpaka pande zote mbili zikaze. Pale aliposimama ni kona ya nyuma ya beisi ya kwanza. Avuke upande wa kushoto, avute vilevile, apate ya tatu. Dakika kumi. Ukipimia ukingo wa mbele wa hom badala ya ncha ya nyuma, umemsogeza kila mrushaji sentimita 43 mbali zaidi ya kipimo. Na tepu ya nguo ya fundi cherehani au kamba ya katani vibaki nyumbani, kwa sababu vinavutika.

Elekeza uwanja hivi: mpigaji akisimama kumtazama mrushaji, awe anatazama mashariki au kaskazini-mashariki. Mechi kali ni za alasiri, na mtoto anayepiga huku jua la saa 11 likimwingia machoni hauoni mpira unaokuja kichwani. Wachezaji wa mbali nje ndio watakaosumbuliwa na jua, ndiyo, lakini wao wana umbali wa kujitetea.

Viwanja vyetu vingi ni vya soka, changarawe imejitokeza. Mpira wa chini ukigonga kokoto unaruka usoni, na huo ndio chanzo cha meno mengi yaliyovunjika. Panga watoto 20 mstari mmoja, mkono kwa mkono, watembee eneo la ndani wakiokota mawe mara mbili, ya pili wakikata mstari wa kwanza. Kisha reki, kisha buruta chaga ya kitanda kuukuu iliyofungiwa matawi. Shimo linalochimbwa na mguu wa mrushaji anapotua hukua haraka sana; ufikapo mchana mtoto anatua kwenye bonde na goti linajipinda. Weka karibu ndoo mbili za udongo wa kichuguu uliolowana kidogo, jaza kila baada ya mechi na kushindilia kwa kigogo. Mchanga haufai, unatawanyika baada ya mirusho mitano. Tuta la mrushaji kwa watoto ni sentimita 15 tu kwenda juu. Kama huwezi kulitengeneza vizuri, acheni tambarare; tuta bovu ni hatari kuliko kutokuwa nalo.

Mistari ichorwe kwa chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa inayouzwa maduka ya pembejeo. Chokaa ya kupaka ukuta inachoma macho na ngozi yenye jasho, na besiboli ni mchezo wa kuteleza ardhini. Beisi zisiwe za mbao wala zisipigiliwe misumari. Msumari hupanda juu taratibu kila zinapokanyagwa. Mfuko wa turubai wa sentimita 38 kila upande, uliojazwa maranda, unatosha. Utasogea, kwa hiyo chora alama ya chokaa chini yake, refa aurudishe kila zamu. Mfuko wa mchanga hausogei, na ndiyo ubaya wake: kifundo cha mguu ndicho kinachosogea.

Wavu wa nyuma ya hom, kwa miji iliyo karibu na ziwa au bahari, hauhitaji mdhamini. Nyavu kuukuu za uvuvi, tabaka mbili, kwenye nguzo tatu za mikaratusi za mita nne, mita 7 au 8 nyuma ya hom. Uning'inie umelegea, uliokazwa unarudisha mpira kwa kasi kwenye mgongo wa mdakaji. Ncha ya chini ilale ardhini na kubanwa na viroba vya mchanga. Watazamaji wafungiwe kamba mita 8 kutoka mistari ya nje, na nyuma ya beisi ya kwanza pasikae mtu, wala bodaboda isiegeshwe hapo, maana kila mpira unaomponyoka mchezaji wa beisi hiyo unaishia pale. Mama ntilie awe upande wa beisi ya tatu, mbali. Mafuta ya moto na mpira uliopotea havijawahi kuelewana.

Kuhusu vifaa, tunarudi kwa wanaosema ni ghali. Timu mbili hazipigi kwa wakati mmoja. Helmeti sita zinatosha uwanja mzima: mpigaji, anayefuata, wakimbiaji watatu, na moja ya akiba. Glavu kumi na mbili za pamoja zinatosha pia, mbili kati yake ziwe za mashoto, vinginevyo mtoto wa kushoto atadaka na kurusha kwa mkono ule ule na utamwona hana kipaji. Ndani ya helmeti pafutwe kwa kitambaa chenye sabuni kila mechi. Mapunye yanapita shule hadi shule kwa njia hiyo, na mzazi mmoja akiyaona anazuia watoto watano kurudi. Helmeti yenye ufa itupwe, isipakwe rangi. Gongo (la kupigia, si lile la kunywa) lililotoboka, kupasuka au kulegea kifuniko cha mwisho lisiingie uwanjani. Uzito wake upimwe hivi: mtoto alishike kwa mkono mmoja, aunyooshe mbele, ahesabu hadi 20. Likishuka kabla, ni zito kwake, hata kama fundi seremala amelichonga vizuri namna gani. Kitu kimoja tu hakina mbadala: mavazi ya mdakaji, yaani kinyago chenye kinga ya koo, kinga ya kifua, ya miguu na ya sehemu za siri. Bila hayo hakuna mechi, hata ya kirafiki, hata ya kumfurahisha mgeni rasmi.

Mipira sita kwa mechi, ikiwa kuna watoto wawili wa kuokota. Mpira wa ngozi ukilowa umande wa asubuhi huwa mzito na uzi hukatika, kwa hiyo mechi ya saa 1 ianze na ile iliyochakaa. Ile ya raba wanayotumia watoto wa Japani inastahimili changarawe zaidi. Anayeipata asiitunze kabatini.

Vijeba, yaani waliozidi umri. Kwenye soka kijeba anakupora ushindi. Hapa anaweza kukuvunjia taya. Kwa mita 14.02, mpira wa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa mtoto wa miaka 11, unafika kwa takriban sekunde 0.63. Kijana wa miaka 16 akirusha kilomita 120 unafika kwa sekunde 0.42, na mpigaji bado ni yule wa miaka 11. Darasa si kipimo cha umri. Kipimo ni cheti cha kuzaliwa, kikaguliwe wiki mbili kabla, nakala ibaki kwa waandaaji. Majirani zetu waliliona hili kwa uchungu. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Uganda ilishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, ikanyimwa viza na Marekani kwa kasoro za nyaraka za umri. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, mji mdogo wa mashamba ya miwa kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, walikwenda na kuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, wakashinda mechi moja, 3-2 dhidi ya Gresham ya Oregon. Tofauti ya miaka hiyo miwili haikuwa uwezo wa kupiga mpira.

Timu zikilingana kwenye kundi la timu tatu, na zitalingana mara nyingi, kila moja ikimfunga mwenzake, msitumie tofauti ya pointi kama mabao ya soka. Inawafanya makocha waendelee kuwapiga wadogo walioshindwa tayari. Gawanya pointi ilizoruhusu timu kwa zamu ilizokaa kudaka. Ndogo ndiyo inayopita. Timu iliyoruhusu 9 kwa zamu 8 ina 1.13. Iliyoruhusu 7 kwa zamu 5 ina 1.40. Ya kwanza inapita ingawa imeruhusu nyingi zaidi. Andikeni hili kwenye karatasi na kila kocha atie saini kabla ya mechi ya kwanza, maana likielezwa jioni litaonekana limebuniwa jioni hiyo. Na tofauti ikifika pointi 10 baada ya zamu nne, mechi iishe, watu wapumzike.

Maji: madumu 14 ya lita 20 kwa siku kwa timu sita, kila mtoto na kikombe chake. Aliyepigwa kichwani hatoki na kurudi. Ametoka siku hiyo nzima, hata akisema yuko sawa. Radi ikisikika wote waondoke uwanjani, wala wasikae chini ya miti, wasirudi mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo. Gari moja liwe na dereva asiye na kazi nyingine, na liegeshwe likitazama barabara.

Kwa wadhamini na maofisa michezo wa halmashauri: jezi 90 zenye jina lenu mgongoni zinapendeza kwenye picha, lakini fedha hiyo hiyo ingenunua mavazi mawili ya mdakaji, helmeti sita na mipira ya mwaka. Mkitaka jina lenu lionekane, liandikeni kwenye wavu. Unatazamwa mechi zote tisa.

Na kwa waandaaji, karatasi ya hesabu ya mirusho isitupwe fainali ikiisha. Kila mrushaji apewe kadi yenye jina lake, tarehe, idadi aliyorusha na siku anayoruhusiwa kurusha tena, igongwe mhuri wa mwalimu mkuu. Mtoto aliyerusha 70 Jumapili akirudi shuleni atakutana na kocha mwingine, wa ligi ya kata, anayemhitaji Jumatano. Kadi ikae kwenye begi la timu, si mfukoni mwa kocha.

Wenu,
Walimu wa michezo na waamuzi wa besiboli ya vijana,
Kilimanjaro.